Celeron 300A katika joto la kaskazi

Mezani kwangu, hapa Dar es Salaam, ipo kompyuta ambayo prosesa yake iliuzwa ili ifanye kazi kwa MHz 300, nami kwa miaka kadhaa sasa ninaiendesha kwa MHz 450. Prosesa yenyewe ni Celeron 300A ya Intel, iliyoingia sokoni tarehe 24 Agosti 1998, na ni vigumu kumpata mtu aliyewahi kujishughulisha na kuongeza kasi ya prosesa za zamani ambaye hajawahi kuisikia. Yameandikwa mengi kuihusu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya watu wa nchi za baridi, ambao chumba chao huwa na nyuzi 20 za Selsiasi na wakifungua dirisha hewa hushuka zaidi. Chumba changu mwezi Februari, kaskazi inapovuma, kina nyuzi 32 na siku nyingine 33. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifundisha karibu kila ninachokijua kuhusu kazi hii, kwa sababu prosesa inayopozwa kwa hewa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipoza, na sisi wa pwani tunaanza safari tukiwa tumeshatumia nyuzi 12 ambazo wenzetu bado wanazo akibani.

Inafaa kwanza nieleze kwa nini ni prosesa hii na si nyingine. Celeron za mwanzo, zilizotoka Aprili 1998, hazikuwa na keshi ya ngazi ya pili hata kidogo, yaani ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayoipunguzia prosesa safari za kwenda kwenye kumbukumbu kuu, na wanunuzi walizidharau kwa mwendo wake wa polepole. Toleo la 300A lilirekebisha jambo hilo kwa kuweka KB 128 za keshi ndani ya kipande kilekile cha silikoni, zikienda kwa kasi ileile ya prosesa. Pentium II ya wakati huo ilikuwa na keshi ya KB 512, lakini ilikaa kwenye chipu za pembeni na ilikwenda kwa nusu ya kasi. Sasa angalia: siku ileile ya tarehe 24 Agosti Intel ilitoa pia Pentium II ya MHz 450, iliyotengenezwa kwa teknolojia ileile ya nanomita 250 na yenye asili moja na Celeron hiyo. Moja ilitangazwa kwa dola 149, nyingine kwa dola 669. Kwa hiyo 450 haikuwa kasi ya kubahatisha. Ni kasi ambayo mtengenezaji mwenyewe alikuwa akiiuza kwa ndugu mkubwa wa prosesa hii, na Celeron ilikuwa na nafuu ya kutobeba zile chipu za keshi za pembeni ambazo zingeweza kushindwa kabla ya prosesa yenyewe.

Kizidishi cha 300A, yaani namba ambayo prosesa huizidisha na kasi ya ubao ili kupata kasi yake, kimefungwa kiwandani kwenye 4.5 na hakibadiliki. Kasi ya kawaida ya ubao mama ni MHz 66.6, na ukizidisha kwa 4.5 unapata 300. Njia pekee ya kuiharakisha ni kuuharakisha ubao, na hapo ndipo chipseti ya 440BX, chipu za ubao zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine, iliyotoka mwaka huohuo, inapostahili heshima yake. Chipseti hiyo ilikwishajua kwenda kwa MHz 100 kwa ajili ya Pentium II, na ilijua pia kugawa kasi hiyo sawasawa kwa vifaa vingine: kwenye 66.6 njia ya PCI, ambayo kadi na diski huwasiliana kupitia kwake, hupata nusu, yaani 33.3, na kwenye 100 hupata theluthi moja, ambayo ni 33.3 vilevile. Kadi ya sauti, kadi ya mtandao na diski hazijui kabisa kwamba kuna kitu kimebadilika. Prosesa peke yake ndiyo inayoongezewa kazi.

Ninasisitiza mgawanyo huo kwa sababu niliwahi kuupuuza nikajuta. Kabla ya kuipata 300A nilikuwa na prosesa nyingine ambayo haikuweza kufika 100, nikaamua kuridhika na MHz 83. Ubao niliokuwa nao ulikuwa bado unaigawa kasi hiyo kwa mbili tu, hivyo njia ya PCI ikawa inakwenda kwa 41.5 badala ya 33.3. Kompyuta iliwaka, Windows 98 ikafunguka, na kwa siku mbili niliamini nimefaulu. Siku ya tatu baadhi ya majina ya mafaili yangu yaligeuka kuwa alama zisizosomeka, na nilipochunguza nikakuta diski imekuwa ikiandika data iliyoharibika tangu saa ya kwanza. Picha za miaka minne zilipotea hapo. Tangu siku hiyo sijaribu kasi yoyote mpya nikiwa na diski yenye kitu cha thamani, na ningemwomba kila anayeanza kazi hii afanye hivyo kabla ya jambo jingine lolote.

Ubao wangu wa sasa niliupata Kariakoo, kwa fundi aliyekuwa akiuza vyuma chakavu vya kompyuta kwa kilo. Ni wa 440BX, lakini ni wa aina iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi, na baiosi yake, ile programu ya mipangilio inayotangulia wakati wa kuwasha, haina mahali pa kuchagua kasi. Ubao kama huo husoma mguso mmoja wa prosesa, yaani kibamba kidogo cha chuma kinachopitisha umeme, unaoitwa B21, ili kujua kama prosesa ni ya 66 au ya 100. Celeron huuunganisha mguso huo na ardhi, na ubao huelewa kwamba ni 66. Mguso ukizibwa usiguse chochote, ubao huichukulia prosesa kuwa ni ya 100. Watu walitumia utepe mwembamba. Mimi nilitumia rangi ya kucha ya mke wangu. Prosesa hii imejengwa juu ya kadi inayochomekwa kwenye ubao katika tundu refu liitwalo Slot 1, na kadi hiyo ina miguso 121 kila upande, myembamba na iliyobanana, nami nilihesabu mara tatu kwa ncha ya sindano chini ya taa, nikaweka tone moja kwa kijiti cha kiberiti kilichochongwa, nikalisubiri likauke usiku kucha. Tone likiwa nene, kadi ikiingizwa hulikwangua. Likiwa pana, huuziba mguso wa jirani. Mara ya kwanza nililikwangua. Mara ya pili, asubuhi, skrini iliandika 450.

Hapo ndipo suala la joto lilipoanza. Prosesa hutoa joto kwa kadiri ya kasi yake, na kwa kadiri ya volti zake zikizidishwa kwa zenyewe. Maneno haya mafupi yana uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Kuongeza kasi kutoka 300 hadi 450 bila kugusa volti huongeza joto mara 1.5. Lakini ukipandisha volti kutoka 2.0 hadi 2.2 ili kuisaidia prosesa isichoke, ongezeko hilo la sehemu moja kwa kumi huzidishwa mara mbili, na joto lote huwa mara 1.8 ya lile la mwanzo. Kwa kasi yake ya kiwandani prosesa hii hutoa joto lisilofika wati 20, kiasi ambacho prosesa za leo zingekiona kidogo, lakini hitisinki ndogo za alumini, yaani vyuma vyenye mapezi vinavyofyonza joto, zilizokuja na prosesa hizo pamoja na feni zake zilikusudiwa kiasi hicho na si zaidi.

Joto nalo huipunguzia prosesa uwezo wa kwenda haraka. Kwenye MHz 300 kila pigo la saa ya prosesa huchukua nanosekunde 3.3, na kwenye 450 huchukua 2.2. Ndani ya muda huo ishara inatakiwa iondoke upande mmoja wa silikoni, ipite kwenye milango yote iliyopo njiani, ifike na kutulia kabla ya pigo linalofuata. Transista, zile swichi ndogo mno zinazounda milango hiyo, zikipata moto huwa nzito kubadilika, na nyaya za alumini zinazoziunganisha huongeza ukinzani. Ishara ikichelewa hata kidogo, jibu linalochukuliwa ni la uongo. Kuongeza volti huzifanya transista ziamke upesi zaidi, lakini pia huzipasha moto, na moto huzichelewesha tena. Mtu anayeendelea kupandisha volti mahali penye joto anajikuta analipa kwa mkono mmoja anachopokea kwa mkono mwingine, na juu ya hayo anaifupishia prosesa maisha, kwa kuwa joto na volti kwa pamoja ndivyo vinavyosukuma atomu za nyaya zile nyembamba kutoka mahali pake mpaka njia ikatike.

Nilipima kwa waya wa kupimia joto unaokuja na multimita, ncha yake nikiichomeka kwenye kitundu nilichokitoboa chini kabisa ya hitisinki, karibu na mahali inapogusana na prosesa. Waya wa pili niliuning'iniza ndani ya kasha, sentimita chache mbele ya feni. Huu wa pili ndio ulionifumbua macho. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hewa iliyokuwa ikivutwa na feni ya prosesa ilikuwa na nyuzi 38, kwa sababu diski, kadi ya picha na pawa saplai zote zilikuwa zikipumulia ndani ya kasha lilelile. Kwa hiyo nilikuwa nimeshapoteza nyuzi 6 nyingine kabla hata prosesa haijatoa joto lake. Kwenye 300 hitisinki ilikaa nyuzi 13 juu ya hewa hiyo, na kwenye 450 kwa volti zilezile 2.0 ilikaa nyuzi 19 juu yake, jumla 57. Intel iliweka kikomo cha nyuzi 85 kwa nje ya prosesa, lakini kikomo hicho ni kwa kasi iliyoandikwa juu yake. Kwa kasi ya kuongeza, kila prosesa ina kikomo chake, na hukijui mpaka ukifikie.

Mimi nilikifikia Februari. Mwezi Julai, kusi inavuma na chumba kina nyuzi 25, kompyuta ilikuwa imemaliza saa 24 za Prime95 bila kosa hata moja, nami nikaandika kwenye daftari kwamba kazi imekwisha. Jaribio lilelile katika joto la kaskazi lilidumu dakika 40. Kwa wasioijua, Prime95 hupiga hesabu kubwa za namba tasa na kila mara hujikagua yenyewe: jibu linalotakiwa kuwa namba kamili likipotoka kwa zaidi ya 0.4, husimama na kutoa taarifa. Yangu iliandika 0.5. Windows ilikuwa bado inafanya kazi, mchezo wa Quake II ulikuwa bado unachezeka, na mtu asiyekuwa na jaribio hilo angeapa kwamba kompyuta ni nzima. Ndiyo maana simwamini anayesema kompyuta yake imetulia kwa sababu tu haijazima.

Maandishi mengi kuhusu prosesa hizi yangekupa jibu moja tu hapo: ongeza volti. Ubao wangu haukuniruhusu kufanya hivyo kirahisi, na leo ninashukuru, maana ulinilazimisha kushughulika na hewa.

Nilianza na mgusano wa hitisinki na prosesa. Pesti iliyokuwapo, ile dawa nzito inayopakwa kati yake ili kupitisha joto, ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa, nikaifuta kwa spiriti na kitambaa cha pamba. Kisha nikaweka wembe kwenye sakafu ya hitisinki na kuutazama dhidi ya mwanga wa dirisha, nikaona mwanga ukipita katikati: alumini ilikuwa imebonyea. Ukibanwa hivyo, mgusano halisi unakuwa kingoni tu, na pesti inaachiwa kazi ya kujaza bonde, ilhali pesti hupitisha joto vibaya sana ikilinganishwa na chuma. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana, si mashimo. Nilibandika msasa wa namba 400 juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikaulowesha, nikaisugua hitisinki kwa mwendo wa duara na kuigeuza robo mzunguko kila baada ya misuguo ishirini, kisha nikaenda kwa 800 na kumalizia na 1200. Ilichukua jioni mbili. Mwishoni wembe haukupitisha mwanga popote. Pesti mpya niliweka kiasi cha punje moja ya mchele, nikaikandamiza kwa hitisinki yenyewe bila kuipaka kwa kidole.

Feni ndogo ya milimita 50 ilikuwa ikilia na kupunguza mwendo. Feni za aina hiyo zina bushi ndogo ya shaba inayokauka, na hapa kwetu vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi hugeuka gundi. Niliondoa kibandiko cha nyuma, nikaitia tone la mafuta ya cherehani, ikanyamaza. Lakini niliamua isirudi. Badala yake nilichukua feni ya milimita 80, iendayo polepole na kusukuma hewa nyingi zaidi, nikaifunga kwenye tundu nililolikata ubavuni mwa kasha ili ivute hewa ya chumbani moja kwa moja. Kadi ya Slot 1 husimama wima juu ya ubao, mapezi ya hitisinki yakitazama pembeni, kwa hiyo hewa inayoingia kutoka ubavuni inahitaji kupinda. Nilichora umbo la bomba kama kiwiko kwenye boksi la viatu, nikalijaribu na kulikata mara nne mpaka likakaa, kisha nikampelekea fundi bati wa mtaani anayetengeneza majiko na makopo ya kukaangia bisi. Alilitazama boksi langu kimya, akaniuliza kitu kimoja tu, kama moshi utapita humo. Nilipomjibu ni hewa tu, alisema basi hatalichomelea, atalikunja. Kiungo chake kimekunjwa kwa ustadi hata leo hakivujishi hewa. Nilifunika kingo kwa ukanda wa mpira, maana bati likigusa ubao wenye umeme hakuna prosesa itakayobaki ya kupozwa.

Matokeo niliyapima Machi, chumba kikiwa na nyuzi 32. Hewa iliyofika kwenye mapezi sasa ilikuwa na nyuzi 32 zilezile badala ya 38, na hitisinki ilikaa nyuzi 12 tu juu yake badala ya 19. Jumla 44. Hii ni pungufu ya nyuzi 13 kutoka pale nilipoanzia, bila kuongeza volti hata chembe, na ni baridi kuliko ilivyokuwa Julai katika upepo wa kusi, ilipokuwa na nyuzi 50. Prime95 ilimaliza saa 24, kisha nikaiongeza nyingine 24 kwa kutoamini.

Wapo walioniuliza kwa nini situmii vibamba vya Peltier, vinavyopoza kwa umeme hadi chini ya joto la chumba. Jibu ni unyevu. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo ni hewa ya kawaida hapa, huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 kwenda chini. Glasi ya maji baridi inaonyesha jambo hilo kila siku mezani. Kampuni ya KryoTech ya Marekani mwanzoni mwa 2000 iliuza Athlon (prosesa ya AMD, mshindani wa Intel) ya GHz 1 iliyopozwa kwa mtambo kama wa friji, lakini iliizungushia prosesa kinga kamili dhidi ya umande, jambo ambalo kwenye meza ya nyumbani ni gumu kulifanya kwa uhakika. Kibamba cha Peltier chenyewe pia hutumia umeme mwingi na kuutupa wote kama joto upande wa pili, ndani ya kasha lilelile ambalo nimehangaika kulipoza.

Na kwa wenye Athlon au Duron (zote za AMD) za 2000 na 2001, zile ambazo daraja za L1, vijinjia vidogo vya umeme juu yake, huunganishwa kwa penseli ili kufungua kizidishi, nina ombi moja. Msiziwashe hata kwa sekunde bila hitisinki, hata kwa kujaribu tu kama ubao unaitika. Celeron yangu ina kinga ndani yake inayoizima ikifika karibu na nyuzi 135. Athlon za mwanzo hazina kinga hiyo, na huungua kabla kidole hakijafika kwenye swichi. Silikoni yake pia iko wazi bila kifuniko, na hitisinki ikifungwa kwa kuelemea upande mmoja hupasua kona. Prosesa hizi hazitengenezwi tena, na kila moja inayokufa kwa haraka ya mtu imepungua duniani.

Leo ni saa nane mchana, chumba kina nyuzi 33 na waya wa multimita unaonyesha 45. Kila mwisho wa mwezi ninafungua kasha na kufagia vumbi kwenye mapezi kwa brashi ya kupakia rangi, kwa sababu wiki sita bila kufanya hivyo huongeza nyuzi 4. Nimepata ubao mwingine wa 440BX ambao baiosi yake inaruhusu MHz 103, na kwa kizidishi cha 4.5 hiyo ni 463.5, njia ya PCI ikipanda kidogo tu hadi 34.3. Bomba la bati litahitaji kupindwa upya kwa kuwa nafasi ya prosesa iko sentimita tatu chini zaidi. Boksi la viatu nimeshalikata. Fundi ameniambia nimpelekee Jumamosi.